Barua ya Mkwe na Mlango wa Seva

Nimefundisha Kilatini na Kiswahili kwa miaka mingi kiasi kwamba nasahihisha kwa kalamu hata matangazo ya misiba yanayobandikwa mlangoni mwa kanisa, na kwa hiyo najua kwamba mtu anayesimulia aibu yake mwenyewe hupenda kujificha nyuma ya maneno kama "palifunguliwa", "ikazimwa", "zikapotea", kana kwamba shetani alipita akafanya kazi na kuondoka. Leo nitajinyima hifadhi hiyo. Aliyefungua ni mimi, aliyezima ni mimi, na waliokuwapo ukumbini siku ile bado wananisalimia kwa heshima ile ile, jambo ambalo ni adhabu kubwa kuliko kama wangenicheka.

Hapa Kanazi tunayo maktaba ya jumuiya, na ndani ya maktaba kuna seva, yaani kompyuta ambayo kazi yake si kuandikia barua wala kutazamia habari bali kutunza vitu. Yetu ilitunza sauti za wazee wakisema Kihangaza, lugha yetu ya hapa: majina ya mimea, namna za kukamua ndizi, matusi ya kistaarabu ambayo vijana hawayajui tena. Nilizikusanya mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Yusufu, fundi mtu mzima wa Biharamulo aliyeifunga mashine hiyo, aliniketisha siku ya kunikabidhi akasema maneno ambayo nayakumbuka kwa ukamilifu, kwa kuwa nimekuwa nikiyarudia kila siku tangu hapo.

"Mzee, hii ni ghala. Ghalani mtu haingii na marafiki. Kivinjari cha kufungulia mtandao kimo, lakini nimekiacha kimekazwa kama kilivyokuja. Kitakukatalia kila ukurasa kisioujua, mpaka wewe mwenyewe uuandike kwenye orodha ya unaowaamini. Kitakuudhi. Acha kikuudhi."

Nilimwambia kwamba mimi na orodha tunafahamiana. (Hiyo ilikuwa kweli. Pamoja na maktaba, nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji, na daftari langu la wageni lilijulikana hadi kata za jirani. Sisi tuliokuwapo enzi za Benaco, ile kambi ya wakimbizi, wageni walipozidi wenyeji, hatufanyi mzaha na daftari la wageni: mgeni huja na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wake, yenye muhuri, la sivyo halazwi hapa.)

Sasa niwaeleze kuhusu Restuta, maana bila yeye mkasa huu ungekuwa kichekesho tu.

Restuta ni binti wa mwisho wa marehemu Bibi Anastazia, jirani yangu wa uzio mmoja. Aliolewa Nyamahanga, wilaya ya pili, na Nyabenda, mwanamume mpole ambaye asili yake ni ng'ambo ya mpaka, na mama mtu hakuipenda ndoa ile, wakanuniana miaka. Bibi Anastazia alipozidiwa, Restuta alikuja, na mumewe nyuma yake amebeba mkungu wa ndizi. Niliwapokea njiani. Nikamwuliza Nyabenda barua. Hakuwa nayo.

"Mwarimu, mkwe wangu anaumwa," alisema, kwa ulimi wake ule wa kwao.

"Taratibu ni taratibu," nilisema. "Binti apite. Wewe kalete barua."

Restuta akasema kwamba aliondoka nyumba ile kwa ajili ya mume huyu na hataingia humo bila yeye. Wakageuza. Mwenyekiti wao wa kule alikuwa safarini, barua ikachelewa siku tatu, na siku ya tatu tukamzika Bibi Anastazia. Kanuni ilikuwa upande wangu. Kanuni imekuwa upande wangu maisha yangu yote, na tazameni iliponifikisha.

Siku moja kabla hajafa, nilikuwa nimeketi kitandani pake na kinasa sauti changu, nikikusanya maneno ya ufugaji (ndiyo, kwa mgonjwa, msinitazame hivyo). Nilipotaka kuzima, aliushika mkono wangu.

"Usizime," alisema. "Haya yanayofuata si yako. Ni ya Restuta."

Akasema kwa Kihangaza cha ndani kabisa, muda wa kama dakika kumi, akisimama na kupumzika. Nami nilishika kinasa sauti kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia nilikuwa nikiandika.

Sauti ile niliiweka kwenye seva, na kwenye seva tu. Yusufu alinisihi niweke nakala mahali pengine, nikamjibu kwamba nakala huzaa makosa, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kulinganisha miswada ya kale. Matini iwe moja, mahali pamoja, chini ya mlinzi mmoja. Kinasa sauti nacho nilikifuta, nikaenda kurekodi wengine.

Mwaka ukapita. Leokadia, dada mkubwa wa Restuta, aliyebaki na mji wa mama yao, akaja kuniambia kwamba wanamaliza matanga Jumamosi, kwamba Restuta amekubali kuja na mumewe, na kwamba wanaomba ukoo wote usikie maneno ya mama pale maktabani, kwenye spika kubwa. "Restuta hajalia bado," alisema. "Mwaka mzima hajalia, Mwalimu. Anasema hawezi kumlilia mtu ambaye hajui kama alimsamehe." Nikamwambia jambo hilo limekwisha. Niliona, nakiri, kwamba hapo ndipo ningeweza kulipa ile barua bila kulazimika kuomba radhi.

Jumamosi adhuhuri nikagundua kwamba faili lile, kwa kuwa kinasa sauti changu kilikuwa cha zamani, halikubali kufunguka kwenye seva bila programu yake maalumu. Nikampigia Yusufu.

"Subiri, Mzee," alisema. "Natoka Biharamulo sasa hivi na flashi, saa kumi nitakuwa hapo."

"Watu wanakuja saa tisa."

"Waimbe saa moja. Watu wa msiba hawachoki kuimba."

Basi angalieni udogo wa kitu chenyewe: saa moja ya nyimbo. Lakini mimi sijawahi kuchelewa kuanza jambo lolote, hata misa ya mazishi ya mke wangu ilianza kwa dakika yake, na nikajiambia kwamba programu hiyo bila shaka ipo mtandaoni na mtu aliyesoma hawezi kushindwa kuichukua. Nikafungua kivinjari. Kikanikatalia. Kikaleta kidirisha cha kuniambia kwamba ukurasa huu umezuiwa, niuongeze kwenye orodha ya ninaowaamini, nikauongeza, ukurasa ule ukaita ukurasa mwingine, nao ukazuiwa, nikauongeza, wa tatu, wa nne, wa tano, kila mmoja na kidirisha chake, kama karani wa mapokezi anayekuuliza jina ilhali mlisoma darasa moja. Nilipofika wa kumi na kitu nilikuwa nikiijibu mashine kwa sauti. Nikaenda kwenye ukurasa wa usimamizi wa seva, nikauona mstari unaosema ulinzi wa kivinjari umewashwa, nikaubonyeza, nikaulizwa kama nataka kuuzima kwa wasimamizi au pia kwa watumiaji wengine, nami, kwa kuwa sipendi kazi ya nusu, nikazima kwa wote.

Ukimya uliofuata ulikuwa mtamu. Kurasa zikafunguka kama malango ya mji usio na mwenyekiti. Nikaichukua programu kutoka kwa wa kwanza aliyenipa, mtu nisiyemjua, asiye na jina wala anwani, nikajibu ndiyo kwa kila alichoniuliza, na faili la Bibi Anastazia likafunguka. Nikamsikia akikohoa. Nikafunga hapo hapo. Niliona si adabu kusikiliza kabla ya mwenye maneno.

Kikohozi kimoja. Hicho ndicho nilichojipa.

Saa tisa kamili ukumbi ulijaa. Nyabenda aliingia mbele ya mkewe, akanijia moja kwa moja, akatoa bahasha mfukoni.

"Shikamoo, Mwarimu. Balua hii."

"Marahaba," nilisema, nikaipokea. Ilikuwa na mihuri miwili. Hakuna aliyecheka. Leokadia alikuwa akiniangalia.

Nikawasha projekta, maana nilitaka jina la marehemu lionekane ukutani, kwa herufi kubwa, wakati akizungumza. Badala ya jina likaja tangazo, na spika kubwa zikapaza sauti ya mwanamke aliyetupongeza kwa kushinda simu. Watoto wakapiga makofi. Nikalifunga, yakaja mawili: la dawa ya kitambi na la bahati nasibu yenye muziki. Nikafunga hayo pia, na hapo akaja mwanamke mwingine ambaye hakuwa anauza chochote kinachohitaji nguo. Katekista Bonifasi, mtu wa vitendo, akaruka mbele ya ukuta akatandaza mikono ili kuziba, na kwa kuwa alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, picha ikakaa juu yake kwa uwazi ambao ukuta wetu wa chokaa haukuwahi kuupata.

"Bonifasi, toka," mkewe alimwambia kutoka nyuma. "Unamvalisha vibaya."

Wakacheka, na mimi nilicheka kidogo, nikijua kwamba aibu ya namna hiyo huisha kwenye pombe ya jioni. Ndipo kila kitu kikazimika ukutani, ukaja ukurasa mmoja mwekundu, wa Kiingereza, usio na muziki. Niliusoma mara mbili. Ulisema mafaili yote ya mashine hii yamefungwa kwa ufunguo ambao mimi sina, na kwamba anayeyataka alipe.

Nikampigia Yusufu, aliyekuwa njiani. Simu yangu, kwa kosa ambalo sijawahi kulirekebisha, hupaza sauti ya aliye upande wa pili hadi wote waisikie.

"Mzee, chomoa waya wa umeme. Sasa hivi."

Nikachomoa. "Nimechomoa."

"Yale majina ya mafaili yalikuwa yameshabadilika?"

"Yote."

"Ule ulinzi wa kivinjari uliuzima?"

"Kwa muda tu," nilisema.

"Kwako peke yako, au kwa wote?"

"Kwa wote."

Tulisikia pikipiki yake ikipunguza mwendo. "Na nakala, Mzee?"

Nimewahi kujibu maswali mbele ya maaskofu. "Nakala hakuna," nilisema.

Leokadia akasimama. 

"Mwalimu, huyo mgeni uliyemfungulia leo, alikuwa na barua?"

Bahasha ya Nyabenda ilikuwa bado mkononi mwangu.

Restuta ndiye aliyekuja mbele. Alinisogelea karibu, kama mtu anayeogopa kuwasumbua wengine.

"Ulikuwepo," alisema. "Ulikaa naye. Nieleze tu alisema nini. Si lazima yawe maneno yake."

Rafiki zangu, hapo ndipo penye aibu yenyewe. Hayo mengine yote ni mapambo. Mimi, ambaye najivunia kumbukumbu, sikujua. Katika dakika zile kumi nilikuwa nikiandika kwenye daftari maneno matatu ya mama yake ambayo sikuwahi kuyasikia, nikihangaika na urefu wa irabu zake, na sentensi zilizoyabeba zilipita juu ya kichwa changu kama ndege. Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema amekusamehe, na kila mtu ukumbini alitaka niseme hivyo, Leokadia akiwa wa kwanza. Lakini mimi ni mtu wa usahihi. Nikaenda kuleta daftari, nikamsomea: neno la kumfungulia ndama kamba asubuhi, neno la joto linalobaki kwenye mafiga moto ukishazimika, neno la njia iliyochongwa na nyayo kati ya nyumba mbili.

"Basi?" aliuliza.

"Basi."

Akaomba ile karatasi. Nikaichana kutoka kwenye daftari, mimi ambaye sijawahi kuchana karatasi ya daftari, nikampa. Aliisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza, akirudi mwanzo kila alipofika mwisho, kisha akamshika mumewe mkono wakatoka, na sijui hadi leo kama alilia.

Yusufu aliifuta mashine ile akaianzisha upya, na ulinzi wake umewashwa, kwa wasimamizi na kwa watumiaji wote. Unailinda ghala tupu bila dosari. Uenyekiti nimeuacha. Barua ya Nyabenda ninayo, haina kosa hata moja. Nami nimeapa kwamba nikibishiwa hodi tena na mtu yeyote, kabla sijamwuliza ametoka wapi, nitamwuliza kwanza amekuja kumwona nani.