Tulipoziba Madirisha ya Darasa la Sita

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Lakini siku nilipomaliza kusahihisha insha za darasa la sita sikukasirika. Nilichoka. Nilikuwa nimewapa kichwa cha "Siku Nisiyoisahau", na darasa zima lilikuwa limekwenda Dar es Salaam. Wote wamepanda basi alfajiri, wote wamepokewa na mjomba, wote wamekula chipsi kuku na kushangaa maghorofa. Jamani! Watoto wa huku Chiola, ambao wengine hata Nachingwea mjini hawafiki mpaka waugue. Huyo mjomba ana nyumba kubwa kiasi gani?

Nikawauliza safari hiyo wameitoa wapi. Halafu mmoja akasema, "Madamu, ndiyo inayopata alama." Walikuwa wameikariri tangu darasa la nne kutoka ubaoni, kwa mwalimu aliyenitangulia, naye hakuwa mjinga. Msahihishaji anataka utangulizi, kiini na hitimisho, na mjomba wa Dar es Salaam anavyo vyote.

Nikasema thubutu, kwangu hapana. Kwanza watasimulia kwa mdomo, hadithi yoyote ya nyumbani, ndipo waandike. Nikamwita wa kwanza mbele, akabaki anatazama vidole vya miguu yake. Wa pili vivyo hivyo. Nikafoka, nikawauliza kama wamemeza mawe. Mwishowe msichana wa dawati la nyuma, mwembamba, ambaye mpaka siku hiyo nilimjua kwa uchelewaji tu, akanyoosha mkono.

"Madamu, mchana hatusimulii hadithi. Ukisimulia mchana, mama yako anakufa."

Loo! Mimi nimekulia mjini, kwenye kota za watumishi, hadithi nilizisikia redioni saa yoyote. Ofisini nikamweleza mwenzangu, mzaliwa wa huku, akacheka mpaka akafuta machozi. "Hata mimi na stashahada yangu siwezi," akasema. "Hadithi ni jua likishazama, basi." Sasa nifanyeje? Niwaite watoto wa watu shuleni usiku? Wazazi wangenipiga mawe, na wangekuwa na haki.

Ndipo nikafanya kituko changu. Niliazima magunia matupu ya korosho, tukaziba nayo madirisha, tukafunga mlango. Darasa likawa giza, harufu ya maganda ya korosho tele. Nikasema, "Haya, jua limezama." Wakacheka, wakashauriana kwa Kimwera, na yule msichana wa nyuma ndiye akatoa hukumu: kama hatuonani nyuso, basi ni usiku.

Mungu wangu, watoto wale! Mabubu wangu wakafunguka. Sungura na fisi, majitu yanayokula watu, nyimbo katikati ya hadithi na darasa zima linaitikia, Kimwera kimechanganyika na Kimakua na Kiswahili cha redioni. Kisha akaanza yule msichana wa nyuma, na hakusimulia sungura. Alisimulia siku baba yake aliporudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Namungo, upande wa Ruangwa, baada ya kupotea muda mrefu bila hata salamu. Alirudi na nguo alizovaa tu. Mama hakumuuliza kitu. Alimpa shuka ajifunge, akazifua zile nguo kwenye beseni, lakini maji hakuyamwaga. Aliyaacha yatuame, akayachuja kwa kanga yake polepole, huku akiyageuza kwenye mwanga wa kibatari, atafute hata chembe moja inayong'aa. Tope tupu. Asubuhi akalichukua lile tope akazibia ufa wa ukuta wa jikoni.

"Na baba alikuwa amelala tu," akamalizia.

Nililishukuru giza, maana nililia.

Akaiandika. Tulikaa baada ya vipindi, mimi kazi yangu kuuliza: beseni lilikuwa rangi gani? Mama alisema nini alipoliona tope? Anafumba macho, anaona, anaandika. Kiswahili chake kilipinda hapa na pale, nikamnyooshea kidogo, mengine sikuyagusa. Nilijiambia, huyu mmoja tu akishika maneno yake mwenyewe yasimtoke, nitakuwa nimefanya kazi. Nikaipeleka insha yake kwenye mashindano ya insha ya shule za msingi za kata yetu.

Ilirudi na alama za mkia. Kwa kalamu nyekundu waliandika: haina utangulizi, haina funzo, inamdhalilisha mzazi. Nilimpa karatasi yake, akaisoma taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni. Nami nikapanda bodaboda kwenda kugombana.

Msahihishaji alikuwa mwalimu mtu mzima, mwenye adabu zake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Mwalimu mwenzangu," akasema, "ile insha imeniliza. Lakini kwenye mwongozo wa kusahihisha hakuna alama za machozi. Ningempa za nini?" Nilitamani awe mtu mbaya nimtukane vizuri. Hakuwa.

Niliporudi, nikakuta hata magunia yameshushwa. Wiki iliyotangulia mgeni kutoka ofisi ya elimu alikuwa amepita akakuta darasa giza, watoto wanaimba Kimwera saa nne asubuhi, na mwalimu mkuu ndiye aliyeulizwa. "Mtihani hauandikwi gizani," akaniambia, "wala hauandikwi Kimwera." Nikaendelea mchana, kwa maswali, kwa kubembeleza, kwa pipi hata. Wapi! Msimu wa korosho ukaingia, nusu ya darasa ikahamia mashambani na wazazi, na waliporudi hakuna aliyekubali kufungua mdomo. Ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume. Jioni nilikuwa nakaa na rundo la madaftari mbele yangu, nasikia uvivu hata wa kuyafunua, nami zamani nilikuwa nayakimbilia.

Ukaja mtihani wa wilaya. Msichana wangu akaongoza kwa insha, si shuleni tu, kata nzima. Nikaomba karatasi yake niione. Mwandiko mzuri, koma na nukta mahali pake, na mstari wa pili niliujua kabla sijaufikia: basi la alfajiri. Nilisoma mpaka mwisho nikitafuta neno moja tu lililo lake. Sikuliona.

Kesho yake alikuja na mama yake, mwanamke mdogo wa umbo, Kiswahili chake cha kuokoteza, ameshika kuku miguu. Mtoto alikuwa anachanua kwa furaha. "Madamu, umeona?" Nikampongeza. Nifanye nini na mimi? Kisha nikamvuta kando, nikamuuliza kama bado anayo ile insha ya kwanza, ile ya beseni, maana nilitaka kuinakili niiweke.

"Niliichana, madamu," akasema, na furaha ikamtoka usoni. "Waliandika inamdhalilisha mzazi. Sikujua kama nilikuwa namtukana mama."

Mama yake, ambaye hakujua tunazungumza nini, akasogea, akapiga goti kidogo, akanikabidhi kuku kwa mikono miwili. "Asante, mwalimu," akaniambia. "Sasa mwanangu anajua kuandika."