Miraa Kavu ya Kagendo

Nikinusa jani la mgomba lililoloa maji, moja kwa moja narudi uani kwetu Chechelesi, Isiolo, enzi za vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, miaka ya sitini. Miraa, vile vijiti vichungu vya kutafunwa, ilifika mjini imefungwa kwa majani hayo. Njia zilikuwa mbaya. Lori halikupita kizuizini bila kusindikizwa na wanajeshi, na jua likitua kila mtu awe ndani.

Vita au si vita, vijana walipendana. Dada yangu Kagendo, msichana wa miaka kumi na minane, alipendana na Mutuma, mwana wa mfanyabiashara wa miraa. Baba alikuwa karani wa ofisi ya mifugo na mzee wa kanisa, hakutaka kabisa kusikia binti yake amesimama na kijana barabarani. "Akimtaka aje hapa hapa," alisema. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Basi Mutuma akawa anakuja Jumapili baada ya ibada, anakaa kigodani, Kagendo kigoda kingine, na mimi, mtoto wa miaka tisa, nimewekwa katikati kama komeo la mlango. Wee! Waliongea habari za mvua mpaka nikachoka kwa niaba yao.

Hata hayo yalikuwa ya kuvumiliwa tu, mpaka wazazi wa kijana walete kitita cha miraa ya kuomba uchumba. Kwetu Wameru, kitita hicho hupelekwa kwa baba wa msichana, na msichana huulizwa kama itafunwe. Akikubali, na baba yake akatafuna, ruhusa imetoka. Lakini lazima iwe mbichi. Kumpelekea mtu miraa kavu ni kumwambia kwamba binti yake si kitu.

Baba yake Mutuma alikwenda kuichukua milimani. Wakati wa kurudi lori likazuiwa njiani likingoja wanajeshi, na siku zikapita. Alifika kwetu ana vumbi hadi kwenye kope. Baba alipofungua jani la mgomba, majani ya miraa yakavunjikavunjika mikononi mwake. "Mzee, hii ndiyo heshima uliyoniletea?" Kagendo alikuwa mlangoni, anasikia yote. Baba akishasema hapana, harudi nyuma, na Mutuma asingekanyaga tena uani kwetu.

Mama hakuweza kumpinga mbele ya mgeni. Kazi hiyo ilikuwa ya Shangazi Karimi, dada yake Baba, msemaji wa wasichana wa nyumba yetu. "Ndugu yangu, hii imekaushwa na barabara, si dharau. Huyu mzee angeitupa akarudi kwake salama. Mchagua jembe si mkulima. Muulize mtoto."

Baba akageuka kumtazama dada yangu mlangoni. Kisha akasema, "Kagendo, tuitafune?"

"Itafuneni, Baba."

Kwa ajili ya kanisa, Baba hakuwa ameionja miraa maishani mwake. Alichukua kijiti, akatafuna, uso umemkunjamana, machozi yanamtoka. Akameza. Akachukua kingine. Shangazi peke yake ndiye aliyethubutu kucheka.

Juzi mjukuu wangu wa kike alinionyesha picha ya kijana kwenye simu. "Nyanya, huyu ndiye wangu." Kijana mzuri, sikatai, na vile vigoda sivitamani virudi. Nilimwuliza tu kama baba yake anamjua kijana huyo. Akacheka. "Ala, Nyanya! Baba inamhusu nini?"

Nilimwonea huruma, haki ya Mungu. Kagendo alijua nani alitafuna uchungu kwa ajili yake. Huyu mjukuu wangu, siku uchungu ukija, atautafuna peke yake.