Wimbo wa Mbithe kwenye CD ya Ngina

Kanisani kwao Wamunyu hakuna aliyeijua mashine ya CD kama Syombua. Miaka kumi na moja ameishika yeye, na ukiigusa bila ruhusa atakufokea hata kama wewe ni mzee wa kanisa. Awe na CD ya kawaida, ya nyimbo kumi na mbili zenye sauti pana kama zilivyorekodiwa, au ile ya MP3, nyimbo mia na zaidi zimebanwa humo, yeye anatumbukiza tu. Mashine inaisoma, inaitambua, inaanza kuimba yenyewe. Ikiwa ni ya MP3, jina la mwimbaji linapita kwenye kioo kidogo cha mbele.

Nyimbo nyingi za kwaya alizitunga yeye, akipalilia kunde shambani. Na kwaya yao ina desturi: wimbo ukishawafundisha wenzako, ni wa wote, usipowafundisha, ni wako. Wimbo mmoja Syombua hakuwafundisha. Ni ule wa binti yake Mbithe, aliyekufa akiwa na miaka kumi na tisa, na jina la Mbithe limo katika kila kiitikio. Aliurekodi mara moja, kwenye CD moja. Akamwazima Ngina peke yake, mwanakwaya mwenzake, kwa sababu siku ya mazishi Ngina ndiye aliyemshika asitumbukie kaburini. Rafiki wa kufa na kuzikana! Ndivyo alivyojidanganya, maskini.

Ijumaa Syombua alikuwa na homa, hakuenda mazoezini. Stima ikapotea wenzake wakiwa katikati ya kusikiliza CD moja, nayo ikabaki ndani ya mashine. Jumamosi asubuhi alikuja kufagia, akakuta stima imerudi. Alipowasha tu, mashine ikaanza.

Wui! Ulikuwa wimbo wake. Kinanda cha kisasa, sauti ya Ngina, na kwenye kioo: NGINA. Akasubiri kiitikio roho ikiwa juu juu. Kikaja. Mahali pa Mbithe, Ngina ameimba Yesu.

"Kumbe umeisikia," Ngina alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amefuata CD yake. "Nilitaka kukuambia."

"Lini? Kwaya yote imesikia, mimi ungeniambia lini?"

"Ningekuuliza ungekataa. Wimbo mzuri hivyo unakaa bure! Na hilo jina la mtoto, watu wa kule Matuu wanaonunua CD watalijulia wapi?"

"CD yangu iko wapi?"

Ngina akaangalia viatu vyake. "Ilikwaruzika kule studio. Ilikataa kusomeka, wakaitupa."

Syombua akakaa kwenye benchi. Alikuwa amekasirika, na aliumia zaidi kwa sababu ni Ngina. Angekuwa mwizi wa barabarani, angemlaani yaishe.

Ngina akaja kumshika bega. "Usinikasirikie hivyo, Mama Mbithe."

Syombua akautoa ule mkono. "Hilo jina si ulilitoa? Basi litoe na mdomoni mwako."