Boshori ya Shangazi

Wiki jana tulikuwa tunamhamisha mama kutoka Shauri Moyo. Nikaingiza mkono chini ya kitanda chake, nikashika kitu laini, nikadhani ni panya amekufa. Afadhali angekuwa panya. Ilikuwa ile boshori.

Wewe uliyekulia Eastlands ya Nairobi miaka ya tisini unaijua Julai yetu, ukungu na kamasi tu. Mkosaji wa kwanza ni shangazi, na namtaja kwa sababu tulimzika bila yeye kuomba msamaha. Alinunua sweta kuukuu sokoni Gikomba, akazifumua, akachemsha uzi kwenye sufuria ileile ya ugali, kisha akafuma kwa spoki mbili za baiskeli kofia ya kufunika kichwa na uso wote, ndiyo hiyo boshori. Uzi wa kahawia ulimwishia alipofika mdomoni, akamalizia na mwekundu. Macho akayazungushia mweupe, eti magari yatuone. Ikawa kama uso wa mtu aliyechunwa ngozi.

Na ilikuwa moja, sisi watoto watatu. Anayetoka ndiye anavaa. Unaivuta usoni, unakuta makamasi ya dada yamekauka pale mdomoni na mate ya mdogo wako bado yana joto. Ilinuka mafuta ya taa, maana mama aliianika juu ya stovu. Ukikataa, shangazi anafoka: "Baridi haichagui sura. Vaa!"

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini mrefu kama mlingoti. Asubuhi moja mama akanituma maziwa. Kioski kilikuwa kimevunjwa na wezi wiki hiyohiyo. Nikainama dirishani, nikaomba paketi moja, sauti ikafia ndani ya uzi. Muuzaji aliona ile midomo myekundu tu.

"Woi! Mwizi! Mwizi!"

Milango ikafunguka. Wa kwanza kufika alikuwa fundi viatu, jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyenibeba nikiwa mchanga. Alinitandika sikio la kushoto kwa ubao wa kukatia soli. Nikaanguka. Nyuma yake mtu anaitisha tairi la kunichomea. Ndipo mama mmoja akaivuta boshori.

"Haiya! Si huyu ni mtoto wetu?"

Fundi akatupa ubao. "Pole, kijana. Sasa nani alikuvalisha takataka hii?"

Nyumbani hakuna aliyeuliza hivyo. Mama alinifuta damu, akailoweka boshori kwa sabuni. Shangazi akaziba palipochanika, kwa uzi mwekundu tena. Jumatatu nikaivaa kwenda shule, nikisikia kwa sikio moja. Mpaka leo ni hilo moja.

Kioski hakipo, fundi alikufa, na majirani wangu wa sasa hata hawajui nalala mlango gani. Hayo nayalilia kidogo. Boshori, hapana. Nilienda nayo jalalani nimeibana kwa vidole viwili, nikaitupa, nikatema mate.

Niliporudi mama alikuwa amesimama upande wangu wa kushoto. Kwa pembe ya jicho niliona mdomo wake ukiuliza iko wapi. Sikugeuza kichwa.