Kadi za Mjusi

Karakanani walimwita Jicho, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Gari likiletwa limekwaruzwa ubavuni, wenzake hukimbilia kitabu cha namba za rangi. Yeye hulitoa juani, akalizunguka mara mbili, akakuna kidevu, ndipo akaingia kuchanganya. Kisha hupaka kadi ndogo, akaiandika tarehe, akaibandika kwenye mlango wa gari. Mara tisa kati ya kumi usingejua kadi inaishia wapi na mlango unaanzia wapi. Mara ya kumi alililaumu jua.

Jicho hilohilo ndilo lililomponza nyumbani. Binti yake alipokuwa na miaka saba, samaki wake mwekundu alikufa yeye akiwa shuleni. Mama mtu alikwisha kufariki, mtoto hana mwingine wa kucheza naye, na baba akaona huzuni nyingine haitabebeka. Akazunguka maduka mpaka akampata samaki wa rangi ileile, akamtumbukiza kwenye bakuli, akajifanya hamnazo. Mtoto aliporudi alimtazama samaki, kisha akamtazama baba.

"Huyu siye."

"Ndiye."

"Siye, baba."

Jicho alikula yamini kwamba ndiye, na kwa miaka kumi na minne hakubadili kauli. Tangu siku hiyo binti hakumpokea neno lake kirahisi. Baba akisema mvua inanyesha, alichungulia dirishani.

Basi binti alipopata kazi mbali, ya mwaka mmoja na nusu, akamwachia baba tangi la kioo lenye mjusi mchanga, wa ile aina ifugwayo iitwayo mjusi chui, akatoa agizo moja tu: "Akifa niambie amekufa. Usinitafutie mwingine."

Jicho hakuwa mtu wa wanyama. Nyenje wa kumlisha mjusi aliwashika kwa vidole viwili, uso kaugeuzia pembeni. Lakini rangi ya kiumbe yule ilimkosesha raha. Mwili mzima ulikuwa mikanda, njano na nyeusi, na ile njano haikuwa ya limau wala ya kiini cha yai. Jumapili ya kwanza alileta makopo yake nyumbani, akachanganya, akapaka kadi, akaishika kwenye kioo. Akaongeza tone la nyeupe, ikakubali. Jumapili ya pili njano ilikuwa imesogea. Akadhani kakosea yeye, akapaka kadi nyingine. Jumapili ya tatu imesogea tena, na mkanda mmoja mweusi umeanza kumeguka katikati. Hapo akanasa. Mtu mzima na mvi zake akawa anaingojea Jumapili.

Wiki ya tano alimkuta mjusi amepauka mwili mzima, mweupe wa majivu. Akawaza kama fundi: boneti ikipauka namna hii, imeliwa na joto. Akapaka kadi ya wiki hiyo kwa rangi ya majivu, akaizima taa ya kumpashia mjusi joto, akaenda zake kazini akijipongeza. Siku mbili baadaye mjusi hali, hatembei, kakunjamana pembeni. Akampigia daktari wa wanyama, akamweleza yote hadi habari ya taa.

"Anavua ngozi, mzee," daktari alisema. "Anapauka kwa sababu ile ya zamani inaachana na mpya iliyo chini. Taa umeizima ya nini?"

"Nilidhani inamfifisha rangi."

"Huyo si gari! Iwashe sasa hivi. Mwekee na kijumba chenye karatasi mbichi, apate unyevu."

Ngozi ilitoka jioni ile. Mjusi aliivuta kwa mdomo kuanzia kichwani, akaitafuna yote, akalamba midomo kama aliyetoka karamuni. Jicho alisahau chai yake mpaka ikapoa. Kipande kimoja tu kiling'ang'ania kwenye kidole cha mguu. Mikono ilimwasha akivute, kama avutavyo karatasi ya gundi kwenye kioo cha gari, lakini daktari alikuwa amemkanya: kidole kingeweza kwenda nacho. Akakilowesha kwa maji ya vuguvugu na pamba, taratibu, mpaka kikaachia chenyewe.

Binti alipiga simu kila wiki. Simu ya Jicho ilikuwa ya vitufe, picha haipigi, kwa hiyo alimwambia tu, "Anakula, hajambo." Nayo mikanda ikazidi kumeguka, ikawa mabaka, mabaka yakawa madoa.

Siku ya kurudi, binti alitua begi mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Ndani alilala mjusi mnene wa njano, ana madoadoa mwili mzima, mkanda hata mmoja hana.

"Baba. Wangu yuko wapi?"

"Ndiye huyo."

Binti aliketi kitini polepole. "Umerudia tena."

Jicho alikimbilia kabati, akaleta kadi sabini na nane zilizotungwa kwenye waya, akazitandaza sakafuni kwa tarehe. Binti akazipitia moja moja, akasimama kwenye ile ya majivu.

"Hapa ndipo alipokufa."

"Hapo alikuwa anavua ngozi!"

"Baba, kadi hizi zote unaweza kuzipaka kwa siku moja. Kazi yako ni ipi?"

Jicho alikaa sakafuni katikati ya kadi zake, akaona uchungu, kwa sababu safari hii alikuwa anasema kweli na kweli yenyewe haikuwa na mnunuzi.

"Yule samaki alikufa," alisema hatimaye. "Saa nne asubuhi. Nilimzika kwenye chungu cha ua, pale dirishani. Yule mwingine nilimpata duka la tatu."

Binti aligeuka kukitazama chungu.

"Hiki hiki?"

"Hicho hicho. Miaka kumi na minne nalimwagilia lile ua, naona aibu."

"Nilijua, baba. Nilikuwa nangoja uniambie."

"Naam. Ndiyo nimekuambia."

Binti alijifuta macho kwa mgongo wa kiganja, akarudi kwenye tangi, akapiga magoti.

"Na huyu?"

"Ndiye."

Safari hii hakumgeukia baba kumpima uso. Alikisogelea kioo mpaka pumzi yake ikakiweka ukungu, akamwambia mjusi, "Kumbe umekua hivi."