Pete Niliyodai Ni ya Rubi

Mnaonicheka huko Mabatini, endeleeni, nimestahili. Pete niliyomnunulia mke wangu ilimbana kidole, tukaipeleka kwa sonara aipanue. Tulipoifuata, kito chake chekundu kilikuwa na ufa katikati.

Mwanaume mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaja juu.

“Soko huria hili, ndugu yangu! Zama za kupokea chochote unachopewa dukani zimekwisha! Mteja ana haki zake!”

Watu walipojaa mlangoni nikaongeza sauti kama mgombea udiwani. Nikatangaza kwamba pete ni dhahabu ya Geita, na kito ni rubi niliyoagiza Dar.

Sonara hakubisha. “Kosa ni langu, baba. Nimekipasua nikiipanua. Niambie ulinunua wapi, nikununulie nyingine kama hiyohiyo.”

Nikasema basi, yaishe, nimemsamehe.

“Umesamehe nini?” mke wangu akafoka. “Si umesema haki? Mtajie duka!”

Nikaanza kukohoa kikohozi cha uongo. Hapo mmachinga mmoja akapenya katikati ya watu, ubao wa hereni na pete kifuani. Alikuwa yuleyule aliyeniuzia. Aliponiona alifurahi kweli.

“Shikamoo bosi! Ile ya shemeji ilimtosha? Zimekuja nyingine, rangi zote!”

Mke wangu akauinamia ubao. Vito vyekundu vilikuwa vimejipanga mstari mzima.

Sonara akatoa pochi yake, bila hata kutabasamu. “Chagua, mama. Unapenda rangi gani?”