Mguu wa Mkwe Wangu

Siku ile uwanjani, pale Nanyala, tulikuwepo hawa. Mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye alikuwa mwenyekiti wa timu. Kocha, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye mkewe nilikuwa naimba naye kwaya. Mzazi mwenzangu, mama wa yule kijana, amekaa upande wa jua na kitenge kichwani. Mjukuu wangu, ambaye ni mjukuu wa huyo mama pia, maana mtoto ana bibi wawili hata kama hawasalimiani. Kijana mwenyewe, mkwe wangu, aliyemwoa binti yangu na kumuua. Na mimi, niliyefika mwisho. Wengine walikuwa watu tu, wa Ihanda, wa Tunduma, na madereva waliosimamisha malori barabarani waone mpira. Majina ya hao niliowataja ninayo yote, na ya baba zao. Siyaandiki, kwa sababu wana watoto, na watoto hawakufanya kitu.

Wakati huo hapa kwetu palikuwa bado Mkoa wa Mbeya. Kahawa ilikuwa imeanza kununuliwa na watu binafsi, wanakuja na magari yao mpaka mlangoni, na mmoja wao ndiye alileta lile kombe: fahali mmoja, na jezi kwa timu itakayoshinda. Watu walikuwa hawajawahi kuona fahali wa bure.

Lazima nieleze kwanza jambo la mkwe, maana vijana wa leo wanakaa meza moja na mama mkwe na wanamwomba chumvi. Sisi tulikuwa hatuonani uso kwa uso. Mkwe akinikuta njiani anatoka nje ya njia, anaingia kwenye mahindi au kwenye kahawa, ananipa mgongo mpaka nipite. Na mimi nainamisha uso. Hawezi kukaa bila shati nilipo, hawezi kuonyesha mapaja. Kwa hiyo, miaka yote aliyokuwa anacheza, mimi sikukanyaga uwanjani hata siku moja. Kaptura za mpira zile, ningetazama wapi?

Mpira wake nilikuwa nausikia. Nyumba yangu iko mgongoni mwa uwanja, katikati ni mashamba ya kahawa. Akipata mpira kwa mguu wa kushoto, watu walikuwa wanaanza kuguna kidogo kidogo, kama mvua inayokuja juu ya bati, halafu wanapasuka. Walimpa jina la utani la mguu wake wa kushoto. Binti yangu alikuwa anarudi kutoka mpirani anacheka, ananiambia, "Mama, leo umesikia?" Nilikuwa nasikia. Na nilikuwa nafurahi, sitaki kudanganya.

Ilikuwa msimu wa kuvuna. Waligombana kwa kitu ambacho mpaka leo kila mtu anasema chake. Akampiga teke la tumbo. Moja. Hata mahakamani walisema ni moja. Kwa mguu ule, la pili lingekuwa la nini? Mwanangu alikufa kabla hawajapata gari la kumpeleka Vwawa. Nikaletewa maiti na mtoto wa kunyonya kwa pamoja, na mikono yangu ni hii miwili. Mtoto alikuwa analia njaa, ikabidi nimshughulikie yeye kwanza.

Mahakama ilisema hakukusudia kuua. Wakamfunga, wakamhamisha kutoka jela hii kwenda ile.

Alirudi mtoto akiwa darasa la tatu. Wazee wa ukoo wa mume wangu wakakaa na wazee wa kwao, wakala mbuzi pamoja, wakanywa pombe ya ulezi kutoka chungu kimoja, wakasema yameisha. Mimi sikuitwa kikaoni. Niliitwa jikoni. Nilisonga ugali wa upatanisho wao nikawapelekea mpaka mlangoni.

Siku si nyingi nikakutana naye kwenye njia ya bombani. Nilikuwa na ndoo kichwani. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa. Aliponiona akaingia kwenye miti ya kahawa, akanipa mgongo, akasimama kimya mpaka nilipopita. Nilikwenda na maji yangu, nikasema moyoni: kumbe bado ananihesabu kuwa mama mkwe wake.

Halafu ndiyo likaja hilo kombe. Shemeji yangu, mwenyekiti, akaja nyumbani jioni moja na utani wake.

"Shemeji, leo nimekuja na miguu miwili na ombi moja."

Nikamwambia miguu iingie ndani, ombi libaki nje na mbwa. Akacheka, akakaa. Akazunguka sana, habari za mvua, habari za bei, halafu akafika. Timu ya Tunduma ilikuwa na wachezaji waliotoka ng'ambo, Zambia, na bila yule kijana hatuwezi kitu. Walikuwa wameshaongea na mwenyekiti wa kijiji, wameshaongea na mchungaji, na ukoo ulishakula mbuzi. Alikuja kwangu kunijulisha tu.

"Mtu akimaliza kifungo amemaliza, shemeji. Unataka afungwe mara ngapi?"

"Nani amemfunga? Analima. Anabeba magunia mpakani. Kanisani anakaa benchi la nyuma, nimemfukuza? Nimewahi kusema asile?"

"Sasa mpira una nini? Ni kazi kama kazi nyingine."

"Jembe halipigiwi makofi," nikamwambia.

Akasogeza kiti chake karibu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto naye amwone baba yake akiwa na heshima mbele za watu, asikae maisha yote anaitwa mtoto wa muuaji. Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Nikamwuliza, heshima ya mguu upi? Akachukua kofia yake akaaga.

Hata wanawake tuliokuwa tunachagua nao kahawa walibishana wiki nzima. Mmoja alisema, angekuwa fundi uashi angerudi na mwiko wake na hakuna mtu angeuliza. Mwingine akasema Mungu akisamehe, binadamu ni nani abaki na kinyongo. Mwingine akasema, mpeni jezi yake, lakini siku atakayokosa goli ndiyo mtakumbuka kwamba aliua. Wakacheka. Mimi niliendelea kuchagua kahawa. Fundi nisingemkataza, ni kweli. Mwiko haukumuua mwanangu. Lakini watu wakusanyike, waugunie mguu ule kama zamani, na mimi niko mgongoni mwa uwanja, mahali pale pale nilipokuwa nasikia nikifurahi? Hicho tu ndicho nilichokuwa naogopa. Fahali wangeweza kuchukua hata kumi.

Mjukuu wangu alikuwa hajawahi kumwona baba yake kwa karibu. Baba mwenyewe alikuwa hathubutu kufika kwangu, na mimi nilikuwa simpeleki mtoto. Asubuhi ya mechi akaniambia, "Bibi, shuleni wanasema baba yangu ndiye atakayetufungia. Naomba niende." Nilimsuka nywele. Nikamvalisha gauni la kanisani. Ningemnyima kwa neno gani?

Nikabaki nageuza kahawa kwenye vichanja. Niliazimia kuziba masikio kwa kazi. Mpira ukaanza, kelele za kawaida tu, filimbi, watoto. Halafu wakaanza kuguna. Kidogo kidogo, kama mvua juu ya bati. Wakapasuka: goli. Na katikati ya kelele nikasikia jina lile la mguu, sauti nyingi kwa pamoja, na nafikiri nilisikia sauti ya mjukuu wangu pia, ingawa kwa umbali ule haiwezekani.

Sikuwa na mpango. Nilifunga kitenge juu ya nguo za kazi, mikono inanuka kahawa, nikapita shambani mpaka uwanjani. Walikuwa wamepanga kila kitu, wazee, jezi, maombi ya mchungaji, maji ya kunywa. Kitu kimoja hawakukifikiria: kwamba mama mkwe anaweza kuja kuangalia mpira. Miaka yote sikuja, wakadhani sina miguu.

Watu waliponiona walinipisha. Mashabiki wa Tunduma, ambao hawakunijua, walikuwa wanataniana na watu wetu, "Hamna mfungaji mpaka mumtoe jela?" Nikasimama kwenye mstari wa chokaa, upande wa kushoto. Mjukuu wangu akaniona, akatoka kwa wenzake mbio, akaja kunishika mkono. Anahema kwa furaha. "Bibi, umekuja! Yule pale."

Alikuwa anakuja na mpira upande wetu, mbio, na ule mguu. Akainua macho.

Akauacha mpira. Ulijiviringisha peke yake ukatoka nje. Yeye akageuka, akanipa mgongo, kama kwenye njia ya bombani. Akasimama hivyo, anavuta jezi yake chini kufunika mapaja, na jezi haifiki. Watu wa Tunduma wakaanza kucheka. Wa kwetu wakampigia kelele acheze. Mimi nikainamisha uso. Nilipouinua alikuwa amevuka uwanja mzima na kuingia kwenye mahindi upande wa pili, na mama yake anamfuata na shati lake mkononi.

Shemeji yangu akanijia, uso umemshuka. "Shemeji, umetufanya nini?"

"Nimekuja kuangalia mpira. Kuna mwanamke amekatazwa?"

Akarudi kwa kocha. Tulifungwa. Fahali akapakiwa kwenye pikapu akaenda Tunduma, na jezi pia.

Nikarudi nyumbani na mtoto. Tulipofika kwenye vichanja akauliza, "Kwa nini amenigeuzia mgongo?"

Nikamweleza. Si wewe, mama, ni mimi. Ndiyo heshima ya mkwe, akiniona hawezi kunitazama.

"Lakini mimi nilikuwa hapo," akasema.

Baba yake hakucheza tena, hapa wala popote. Aliteremka Momba, mbele ya Chitete, akalima ufuta kwa wafugaji, akafia huko kwa homa. Habari zilitufikia ameshazikwa. Mjukuu wangu sasa ana watoto wake. Wanawe akiwasimulia habari za babu yao, nimemsikia, anaeleza goli lile, anaonyesha na mguu, halafu anaeleza mgongo. Uso haelezi, hana wa kueleza.

Vijana wangu wa hapa wanabishana kwenye redio, mchezaji fulani wa Ulaya ametoka jela, arudi uwanjani asirudi. Wananiuliza mimi mzee nasemaje. Nasema, ulizeni nani anaishi nyuma ya uwanja. Wanadhani nimechanganyikiwa.

Mke wa kocha anasema nimesahau. Anasema kijana alikuwa ameshaumia, kocha alikuwa ameshamwashiria atoke kabla sijafika, wala hakutoka kwa ajili yangu. Mimi nakumbuka alitoka mwenyewe. Basi wewe uliyekuwepo siku ile, wa Nanyala, wa Ihanda, hata wa Tunduma uliyekuwa unacheka, nisahihishe nilipokosea. Na kama ulimwona, kabla hajaingia kwenye mahindi, akigeuka hata kidogo kumtazama yule mtoto mwenye gauni la kanisani, usiandike. Njoo mwenyewe umwambie. Mimi sikuona. Nilikuwa nimeinamisha uso, kama inavyompasa mama mkwe.